Kilichopita Mdomoni Bado Hakijaingia Mwilini

Leo tutaweka jembe chini kwa muda kidogo, tutazame chakula kinakwenda wapi kikishatoka sahanini. Huenda mama mmoja akasema, "Mbona hilo ninalijua? Kinakwenda tumboni." Ni kweli, mama. Lakini kuwa tumboni si kuwa mwilini. Kati ya tumbo na mwili upo ukuta, na chakula kisichopenya ukuta huo hakimfaidii mtu. Kimepita njia tu.

Ukuta huo ni wa utumbo mwembamba. Kwa mtu mzima utumbo huu una urefu wa meta 6 hivi, umejikunja chini ya kitovu kama kamba ya ng'ombe iliyorundikwa. Ugali wako wa mtama au wa muhogo ukishatafunwa, huteremka kwenye tumbo la chakula, ukakorogwa mpaka ukawa kama uji. Uji huo huingia katika utumbo mwembamba kidogo kidogo. Humo hukutana na nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho. Nyongo huvunja mafuta yakawa matone madogo. Maji ya kongosho huuvunja ugali ukawa sukari, na kuvunja nyama, dagaa, maziwa na maharage yakawa vipande vidogo sana vya kujengea mwili.

Sasa, ndugu mkulima, fikiri juu ya mzizi wa mhindi. Ukimwaga mbolea kwenye udongo mkavu, mhindi hauioni mpaka mvua inyeshe, mbolea iyeyuke, ndipo vinyweleo vya mizizi viinywe. Utumbo mwembamba nao ndivyo ulivyo. Ndani yake umejaa vijidole laini, kila kimoja hakizidi milimeta moja hivi, vimesongamana kama nyasi changa. Kwa ajili ya mikunjo na vijidole hivyo, ukuta wa ndani ungetandazwa ungefika kama meta 30 za mraba, yaani sakafu ya chumba cha meta 5 kwa 6. Katika kila kijidole mna mishipa midogo ya damu. Sukari na vipande vya kujengea mwili hupenya, huingia katika damu na kupelekwa kwanza kwenye ini. Mafuta hupitia mishipa mingine, kisha nayo huingia katika damu. Kazi hii huchukua saa kadhaa, na mabaki husukumwa kwenye utumbo mpana.

Kutokana na hayo tunapata mafunzo. Kwanza, vitamini A ya mchicha na majani ya maboga husafiri pamoja na mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu humpa mtoto sehemu ndogo ya vitamini hiyo. Weka kijiko cha mafuta, au siagi, au karanga zilizosagwa. Pili, chai ikinywewa pamoja na mlo huyashika madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage, yasipenye. Mama mjamzito angoje saa moja au mbili baada ya kula. Akikamulia limau kwenye mboga, madini hayo hupenya vizuri zaidi. Tatu, mtoto anayeharisha mara kwa mara kwa sababu ya maji machafu, vijidole vyake hufupika. Hapo hata akila vizuri anakonda. Chemsheni maji ya kunywa, hasa yale ya mtoni na ya malambo.

Lakini fundisho kubwa la leo ni hili: kama vile mzizi unavyoweza kunywa chumvi iliyo mbaya kwake, utumbo nao unaweza kupitisha sumu pamoja na chakula.

Wazee wa wilaya ya Tarime wanaukumbuka mwaka 1985. Wilaya ilikuwa bado haijagawanywa, kwani Rorya ilitengwa mwaka 2007. Ukame uliharibu mazao, na kilichobaki shambani ni muhogo mchungu. Njaa haina subira. Muhogo uliandaliwa haraka haraka, tofauti na desturi, ukaliwa karibu peke yake. Makumi ya watu, wengi wao kina mama na watoto, walikakamaa miguu yote miwili ghafla, na miguu hiyo haikurudi kama zamani. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Msumbiji nako, mkoani Nampula, uliwapata zaidi ya watu 1,000 mwaka 1981. Konzo hauna dawa ya kuuponya. Kinga ipo.

Inakuwaje? Muhogo mbichi una sumu ya sianidi iliyofungwa ndani yake, na wakati wa ukame huzidi. Muhogo ukipondwa, ukirowekwa au ukivundikwa, chembe zake hupasuka, sumu hufunguka, hugeuka hewa na kupaa. Ukiukata mapande na kuuanika tu, sumu nyingi hubaki. Kuusonga ugali peke yake hakuiondoi. Ukiula, kitu hicho huyeyuka na kupenya utumboni. Mwili huweza kuizima sumu na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka katika dagaa, nyama, maziwa, mayai na maharage. Wakati wa njaa vitu hivyo ndivyo vya kwanza kukosekana. Sumu inaongezeka, kizimio kinapungua.

Basi, tufanye hivi. Muhogo mchungu umenywe, uanikwe kidogo, urundikwe na kufunikwa siku 3 hadi 4 mpaka ulainike, kisha ukungu ukwanguliwe, upondwe na uanikwe mpaka ukauke kabisa. Huo ndio udaga. Penye maji, uroweke siku 3 mpaka ulainike, na maji hayo usiwape mifugo. Kama una unga tayari na una mashaka nao, ukande kwa maji, uutandaze juu ya sinia pana, unene usizidi sentimeta moja. Uuache nje kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ipae, halafu usonge ugali siku hiyo hiyo. Kando ya ugali wa muhogo weka dagaa, maharage au maziwa, hata kidogo.

Tena usingoje njaa ikufundishe. Panda mtama na ulezi pamoja na muhogo, na weka akiba ya udaga uliovundikwa vizuri wakati chakula kingali kipo. Mwenye akiba hakati siku za kuvundika.

Utumbo unafanya kazi yake bila kukuuliza. Kazi ya kuchagua na kuandaa ni yetu, shambani na jikoni. Na ukimwona mtu aliyekakamaa miguu ghafla, mpeleke zahanati au kituo cha afya bila kuchelewa, ukaeleze alikuwa anakula nini.