Fahamu: Maoni ya Waukraine hupimwaje wakati wa vita?

Ukisoma kwamba asilimia fulani ya Waukraine wanataka hili au lile, jiulize kwanza: nani aliulizwa? Sensa ya mwisho nchini humo ilifanyika mwaka 2001, na tangu Urusi ilipovamia kwa nguvu zote Februari 2022, mamilioni wamekimbilia nje, hivyo ni vigumu kujua kwa uhakika waliohojiwa wanawakilisha nani.

Kupita nyumba kwa nyumba kuhoji watu nako kukawa hatari. Taasisi ya Kimataifa ya Sosholojia ya Kyiv (KIIS) ikategemea simu: kompyuta inatunga namba za mkononi bila mpangilio, mhojaji anapiga. Wanaoishi maeneo yaliyotekwa kwa kawaida hawamo. Na hata wangefikiwa, nani angethubutu kumweleza mgeni ukweli wake kwenye simu, huku wanajeshi wa Urusi wakiwa mtaani?

Pamoja na mapengo hayo, kazi hii ni ya thamani kubwa. Mei 2022, KIIS ilipouliza kuhusu kuiachia Urusi ardhi, asilimia 82 walipinga kuachia ardhi yoyote. Desemba 2024 walikuwa asilimia 51. Bila swali hilo kurudiwa mara kwa mara, tungebaki kuwasikiliza wanasiasa wakiwasemea wananchi. Kabla hujasambaza takwimu ya aina hii, angalia tarehe yake na swali lilivyoulizwa.