Sanamu za Hadhara na Elimu ya Watoto: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulieleza jinsi serikali ya Marekani, katika ile dhiki kuu ya uchumi iliyowaacha mafundi wa sanaa bila kazi wala wateja, ilivyoanzisha mwaka 1935 mradi wa sanaa ambao, hadi ulipofungwa mwaka 1943, ulikuwa umekwisha kutoa sanamu zaidi ya 17,000 kwa ajili ya shule, maktaba na hospitali. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: serikali ilimlipa mchongaji ujira wake, na aghalabu shule iliyoitaka sanamu iligharimia mawe, mbao au saruji.

Leo natuitazame nchi yetu. Msafiri atokaye Karatu, akapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremkia upande wa Serengeti, hukuta kwenye njia panda ya Olduvai mafuvu mawili ya zege, kila moja kimo chake futi 6, yaliyosimamishwa juu ya jukwaa Julai 2019, miaka 60 tangu mtafiti Mary Leakey alipoligundua huko fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Ni kazi ya mchongaji wetu Festo Kijo, iliyobuniwa na wanazuoni Nicholas Toth, Kathy Schick na Mtanzania mwenzetu Jackson Njau, kwa ombi la serikali.

Fuvu la Zinjanthropus lina tuta la mfupa utosini, mithili ya undu wa jogoo, ambamo misuli mikubwa ya taya ilijishika, na mashavu yake yametanuka hata uso ukawa bapa. La jirani yake, Homo habilis, halina tuta hilo, na limeviringana zaidi. Mtoto akiyazunguka atafahamu, kabla mwalimu hajanena neno, kwamba viumbe wa namna mbili waliishi zama moja katika bonde la Olduvai, takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, ilhali picha ya kitabuni haimwonyeshi kisogo.

Nami naona ni dhuluma kwa watoto wa Karatu, wanaoyatazama magari ya watalii yakipita kila siku, kwamba wamo miongoni mwao wasiopata kamwe kulivuka lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, wakayaona mafuvu hayo. Mchanga, mawe na mafundi tunao. Basi naiomba halmashauri ya wilaya itenge ujira wa mchongaji mmoja, na wazazi wachange saruji, ili mafuvu mfano wa hayo yasimame kwanza katika uwanja wa shule moja ya msingi.