Mpini wa Kisu na Kinga ya Mkono

Watu wakisifu kisu husifu makali yake. Ni kweli ya kwamba kisu butu si kisu, na sisi Waislamu twalijua jambo hili zaidi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kukinoa kisu kabla ya kuchinja ili mnyama asiteseke. Lakini mkono wa mchinjaji haushiki makali, washika mpini. Na katika Idi ya Mfungo Tatu, akiisha kuchinjwa mnyama wa pili au wa tatu, mpini huo huwa umelowa damu na mafuta, na kiganja kimechoka. Hapo ndipo hujulikana kama aliyekitengeneza kisu aliufikiria mkono, au alifikiria chuma peke yake. Mkono ukiteleza mbele hupita juu ya makali, na kano za vidole zikikatika kidole hakikunjiki tena ila kwa kupasuliwa na daktari.

Kwa ajili hiyo twapenda kuwaeleza vijana wenye hamu ya kazi za mikono, pamoja na wazee wao ambao ndio wanunuzi wa visu, jinsi mpini na kinga vinavyofungwa katika kisu kilichotengenezwa kwa mkono.

Kisu chochote kina bapa na kina msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini. Msuka waweza kuwa mwembamba, ukachomekwa ndani ya mti. Au waweza kuwa mpana sawa na mpini wenyewe, ukafunikwa kwa vibao viwili, kimoja kila upande, vikapigwa ribiti. Wahunzi wetu wa vijijini tangu zamani hutumia ule mwembamba: huupasha moto hata ukawa mwekundu, wakaupigilia katika mti, nao hujichomea njia yake wenyewe. Hii si kazi ya kudharauliwa. Mafundi wa Japani, wanaosifiwa dunia nzima kwa visu vya jikoni, huichoma misuka yao namna iyo hiyo katika mti laini wa jamii ya magnolia, na mwanzoni mwa mpini huvisha noleo la pembe ya nyati wa majini ili mti usipasuke. Mpini ukichakaa hung'olewa ukatiwa mwingine, na kisu kikaendelea na kazi.

Ubaya wa msuka mwembamba huja pale unapokuwa mfupi mno, au tundu linapokuwa kubwa kuliko chuma. Mti hunywa maji ukavimba, kisha hukauka ukanywea, na kila mara nafasi huongezeka. Maji huingia na kutu huanza kula msuka mahali ambapo jicho halifiki. Siku moja bapa hukatika mtu akiwa katikati ya kazi, naye hushangaa, kwa maana kwa nje kisu kilikuwa kizima.

Sasa tuje kwenye kinga. Kinga ni kipande cha chuma, aghalabu cha shaba ya manjano, kinachokaa baina ya bapa na mpini na kutokeza kidogo upande wa makali, ili kidole cha shahada kikisukumwa mbele kikutane na ukuta. Si kila kisu kinachohitaji kinga. Kisu cha Wafini kiitwacho puukko kwa kawaida hakina, kwani kazi yake kubwa ni kuchonga mti, na tumbo la mpini hutosha kuuzuia mkono. Wala kisu cha kukatia mboga juu ya ubao hakiihitaji. Kinga ingegonga ubao kabla ya makali. Lakini akina mama watazame visu vyao vizuri: bapa la kisu cha jikoni kilichotengenezwa kwa akili hushuka chini kuliko mpini, likafanya kisigino, na kisigino hicho ndicho kinachovizuia vidole visipite mbele. Kisu cha kuchinjia, na kile ambacho ncha yake husukumwa katika nyama, hivyo ndivyo vyafaa kutiwa kinga hasa.

Kuifunga kinga ni kazi ya subira. Fundi huchukua shaba yenye unene wa milimita 6 hivi, akapiga mstari katikati, akatoboa kwa keekee matundu madogo yaliyofuatana. Ikiwa msuka una unene wa milimita 4, hutoboa kwa milimita 3, kisha hulipanua tundu kwa tupa nyembamba, akijaribu mara kwa mara. Haraka ikimshika akakata zaidi, shaba hairudi. Mabega ya bapa, pale msuka unapoanzia, hunyooshwa kwa tupa yakawa sawasawa pande zote mbili. Lakini pembe ya ndani, baina ya bega na msuka, huachwa na mviringo kidogo, kwa sababu chuma cha pua kilichotiwa maji hupenda kupasuka kuanzia kwenye pembe kali. Kinga ikisha kugongwa hata ikakaa, fundi hukiinua kisu mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya baina ya shaba na bega, maji nayo yatapenya, na damu pia.

Wengine huziba mahali hapo kwa lehemu, na hapa wengi wameharibu kisu kizuri. Baada ya kutiwa maji, visu vingi hulegezwa ugumu kwa moto wa karibu digrii 200 za sentigredi. Lehemu ya bati iliyochanganywa na fedha kidogo huyeyuka kwa digrii 221. Tofauti ni ndogo, basi bapa lazima lifungwe kitambaa kilicholowa maji, na moto uelekezwe kwenye kinga kutoka upande wa msuka. Atakayetumia lehemu ngumu ya fedha, ambayo hutaka zaidi ya digrii 600, atapata kinga imara iliyoshika bapa lisilodumu makali. Kwa maoni yetu, kijana anayeanza aiache lehemu. Afanye tundu la kubana, na nafasi iliyobaki aizibe kwa ile gundi kali ya sehemu mbili zinazochanganywa.

Kwa mpini, Mwenyezi Mungu ametujaalia mpingo katika nchi yetu. Mpingo mkavu huzama majini kwa uzito wake, wala haunywi maji kwa wepesi. Ila una mafuta, basi upanguswe kwa spiriti kabla ya kutiwa gundi, na anayeupiga msasa azibe pua, kwani vumbi lake hudhuru kifua na ngozi. Tangu mwaka 2017 biashara yake baina ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Pembe ya kifaru, ambayo Yemen iliitamani sana kwa mipini ya majambia, tumeona ilivyowaangamiza faru. Mkataba huo uliipiga marufuku mwaka 1977, na Yemen yenyewe ikakataza kuingizwa kwake mwaka 1982. Mti wa kawaida uliokauka vizuri wamtosha kila mtu mwenye haja ya kisu.

Vibao vikitiwa gundi visibanwe kwa jiliwa kwa nguvu zote, maana gundi yote itatoka. Uso wa chuma ukwaruzwe kwanza ili gundi ipate pa kushika, na kazi iachwe mchana na usiku bila ya kuguswa. Matundu ya ribiti hutobolewa kabla ya pua kutiwa maji. Baadaye keekee haitafua dafu.

Umbo la mpini halitaki mapambo. Mpini wa duara kama fimbo huzunguka kiganjani, lakini wa yai huuambia mkono makali yako wapi hata gizani. Mwisho wake upanuke kidogo usichomoke ukivutwa. Na fundi apime mkono wa atakayekitumia kisu, si wake mwenyewe. Mwanamke mwenye kiganja kidogo akipewa mpini wa mhunzi hukishika kisu kwa ncha za vidole, na hiyo si salama.

Majumbani mwetu mna visu vingi ambavyo mpini hucheza, navyo vimefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Chini ya mpira ule maji hukaa siku zote, na kutu huendelea. Ni bora mpini wa zamani upasuliwe, msuka usuguliwe hata chuma kionekane, kisha upigwe kidogo. Ukiwa haujaliwa sana utapokea mpini mpya. Ukipinda au ukimeguka, bapa hilo likatwe lifanywe kisu kidogo cha kumenyea, na msuka mpya utolewe katika chuma kilicho kizima.