Kalamu Isiyo na Wino: Kujifunza Kuchora kwa Kompyuta



Wanavikundi wapendwa, kila mwaka vikundi vyetu hulipia michoro bila kuihesabu kama michoro. Kuna bango la sherehe, kuna fulana za vijana, kuna kalenda, kuna ile karatasi inayobandikwa kwenye chupa ya asali au mkebe wa siagi ya njugu. Pesa hizo zote huenda mjini. Na hapo hapo kijijini kuna msichana au mvulana ambaye tangu darasa la tatu anachora mpaka pembeni mwa daftari la hesabu, na kazi pekee aliyowahi kupewa kwa sababu ya kipawa hicho ni kuandika jina la duka ukutani.

Makala haya yanahusu chombo kimoja kinachoweza kumfaa kijana huyo, na kikundi chake pia. Kinaitwa kibao cha kuchorea. Wengine wenu mtasema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi, lakini someni kwanza, kisha muamue wenyewe katika mkutano. Maana uamuzi ni wa pesa, na pesa ya kikundi si ya kuchezea.

Kibao chenyewe ni nini?

Ni ubao mwembamba wa plastiki, mwingine mkubwa kama daftari la shule, mwingine mdogo kuliko hapo. Huunganishwa kwa kompyuta kwa waya wa USB, na hupata umeme kupitia waya huo huo. Pamoja nao huja kalamu. Kalamu hii haina wino, na nyingi hazina hata betri. Ukichora juu ya ubao, ubao haubaki na alama yoyote. Mstari hutokea kwenye kioo cha kompyuta.

Hakuna uchawi hapo. Chini ya uso wa ubao kuna waya nyembamba zilizopangwa kama nyuzi za mkeka, zinazotoa nguvu hafifu ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo ambayo hupokea nguvu hiyo na kuirudisha kama ishara. Ubao husoma ishara imetoka wapi, ukajua ncha iko mahali gani. Kampuni ya Wacom ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1983, ndiyo iliyoeneza kalamu za namna hii zisizo na waya wala betri. Leo kuna kampuni nyingine, kama Huion na XP-Pen za China, ambazo vibao vyao vidogo huuzwa bei nafuu zaidi.

Kalamu pia huhisi mkono umekandamiza kiasi gani. Ukigusa taratibu mstari unakuwa mwembamba, ukikaza unakuwa mnene, sawa na penseli laini. Kwenye sanduku utaona imeandikwa viwango 4096 au 8192 vya mkandamizo. Msibabaishwe na nambari hizo. Anayeanza hataona tofauti yoyote kati ya hizo mbili, na muuzaji asiwaongezee bei kwa sababu hiyo. Vipo pia vibao vyenye kioo, ambavyo unachora juu ya picha yenyewe. Ni vizuri, lakini bei yake ni ya juu sana. Kwa kujifunza, kile kisicho na kioo kinatosha kabisa.

Kabla ya kutoa pesa

Kibao peke yake hakichori. Lazima kuwe na kompyuta, na hiyo ndiyo gharama kubwa. Baadhi ya vibao hukubali kuunganishwa na simu ya Android, lakini si vyote na si kwa kila simu, kwa hiyo nendeni dukani na simu yenyewe mjaribu kabla ya kulipa. Kama kuna kompyuta ya parokia, ya shule au ya chuo cha ufundi kilicho karibu, ombeni kuitumia saa chache kwa wiki. Ikiwa na kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, itaweza kazi ya kawaida.

Programu za kuchora zisiwatoe jasho. Krita ni ya kupaka rangi na kuchora kwa mkono, Inkscape ni ya nembo na maandishi, na zote mbili ni za bure kisheria. Mtu anaweza kuzinakili kwenye flashi na kumpa jirani bila kosa lolote. Nawaomba msinunue zile programu za wizi zinazouzwa vichochoroni. Mara nyingi huja na virusi, na pia si haki.

Maoni yangu ni haya: kikundi kisitoe shilingi mpaka kijana alete daftari lililojaa michoro ya penseli. Kibao hakimfundishi mtu kuona umbo la mkono wa binadamu au mguu wa ng'ombe. Hilo hujifunzwa kwa penseli na karatasi, na penseli ni rahisi. Aliyejaza daftari moja kwa hiari yake ataendelea. Asiyejaza ataacha kibao kikusanye vumbi juu ya kabati la mweka hazina. Inafaa pia vikundi viwili au vitatu vichange kununua kimoja na kupangiana siku.

Wiki mbili za kwanza ni ngumu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze kwa kirefu. Mkono uko mezani, lakini macho yako kwenye kioo. Mwanzoni mstari huyumba kama wa mtoto wa chekechea, na hata mtu anayechora vizuri sana kwa penseli huona aibu. Asione aibu. Mtazameni fundi wa cherehani: miguu iko kwenye pedali na macho yako kwenye sindano, naye haangalii miguu hata mara moja. Alijifunza. Mkono wa mchoraji nao hujifunza, mradi afanye kidogo kila siku. Nusu saa kwa siku ni bora kuliko saa tano za Jumamosi moja.

Jambo la kuelewa mapema ni kwamba kibao si kama ile panya ya kompyuta. Panya ukiinyanyua na kuiweka pengine, mshale unabaki ulipokuwa. Kwa kibao, kila mahali pana mahali pake: pembe ya juu kushoto ya ubao ndiyo pembe ya juu kushoto ya kioo. Na kalamu ikiwa juu kidogo ya ubao, bila kugusa, mshale tayari unaifuata. Basi unaweza kuona utakapoanzia kabla hujaweka alama.

Siku ya kwanza kabisa, chora duara. Likitokea kama yai, kosa si la mkono wako. Umbo la ubao halilingani na umbo la kioo, na mmoja unavutwa ili ujae mwingine. Ingia kwenye mipangilio ya kibao, kwenye ile programu ndogo inayotolewa na kampuni iliyokitengeneza, uweke uwiano ulingane. Nimeona vijana wakihangaika mwezi mzima na mayai kwa kukosa kuambiwa hili tu.

Baada ya hapo ni mazoezi. Weka nukta mbili, ziunganishe kwa mstari mmoja usiosita, mara hamsini. Sogeza mkono wote kutoka begani, usizungushe kifundo peke yake. Chora mistari inayoanza kwa wepesi ikaishia kwa uzito. Jaza ukurasa kwa duara. Ukikosea kuna njia ya kurudi nyuma, unabonyeza Ctrl na Z pamoja, lakini kuna hatari hapo: wengine hufuta kila mstari mpaka jioni bila kumaliza hata kikombe kimoja. Jiwekee sharti la kumaliza picha, mbaya au nzuri.

Njia ninayoipenda kwa anayeanza ni kuchora kwanza kwa penseli, kupiga picha mchoro huo kwa simu kukiwa na mwanga wa kutosha, kisha kuufungua ndani ya kompyuta na kupitisha kalamu juu yake. Hivyo mkono unajifunza kibao bila kupoteza kile ambacho tayari unakijua.

Matabaka

Kama kuna kitu kimoja kinachofanya kazi hii iwe tofauti na karatasi, ni matabaka. Fikirini karatasi za nailoni zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini ina ile picha ya penseli, imefifishwa. Ya juu yake ina mistari safi. Kati yake kuna rangi, na maandishi yako peke yake juu kabisa. Ukitaka kubadilisha rangi ya leso ya mama aliye kwenye picha, mistari haiguswi. Ukitaka bango lile lile kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, unabadilisha tabaka la maandishi tu.

Kwa wale wanaopiga chapa fulana kwa fremu ya kitambaa, faida ni kubwa zaidi. Kila rangi huhitaji fremu yake. Mchoraji akiweka kila rangi kwenye tabaka lake tangu mwanzo, mpiga chapa anapewa kila rangi peke yake, tayari. Na rangi mbili ni nafuu kuliko nne, kwa hiyo mchoraji ajifunze kusema mengi kwa rangi chache.

Kupeleka kazi kwa mpiga chapa

Picha ya Krita imejengwa kwa vinukta vidogo viitwavyo pikseli. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri huhitaji vinukta 300 kwa kila inchi, yaani upana wa 2480 na urefu wa 3508. Kiasi hicho kiwekwe kabla ya kuanza kuchora. Ukianza na picha ndogo kisha ukaivuta iwe bango, kingo zitakuwa kama ngazi. Nembo ya kikundi, ambayo leo iko kwenye barua na kesho kwenye bango la mita tatu, ichorwe kwa Inkscape. Programu hiyo huhifadhi mistari kama vipimo vinavyokokotolewa, si vinukta, na kwa hiyo nembo hupanuka bila kuharibika.

Rangi za kioo ni mwanga, za karatasi ni wino, na wino hauwezi kung'aa kama mwanga. Kijani kikali na buluu kali ndizo hufifia zaidi. Chapeni nakala moja muione kwa macho kabla ya kuagiza mia tano. Na mkituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, yaani dokumenti, siyo kama picha. Ikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora.

Picha za mafunzo

Kuna matumizi mengine ambayo sisi wa ofisi za maendeleo tunayajali sana. Wazee wenu watakumbuka mafunzo ya DELTA yaliyoanza hapa Kenya mwaka 1974, na vitabu vya "Training for Transformation" vya Anne Hope na Sally Timmel vilivyotoka mwaka 1984. Mafunzo hayo hutumia picha isiyo na jibu: watu wanaiona, wanaulizana "hapa kuna nini?", na mjadala unaanza. Picha hiyo hufanya kazi ikiwa watu wanajiona ndani yake. Mkiwaonyesha nyumba za matofali na bomba la chrome wakati wao wanachota maji mtoni kwa mtungi wa plastiki wa lita 20, mjadala unakufa. Kitabu cha "Mahali Pasipo na Daktari" nacho, ambacho wengi wenu mnacho, kinaeleweka hata na asiyesoma sana kwa sababu ya michoro yake ya mistari mitupu.

Siku hizi vijana huuliza, kwa nini nijifunze wakati akili bandia inachora picha kwa kuambiwa tu? Swali ni la haki. Mimi naona kwa picha ya mafunzo jibu liko wazi: anayejua mahali mto wenu unapopindika, na mwenye shamba lililomomonyoka ni nani, ni kijana wenu.

Faili ni la nani?

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokifahamu kilichorewa karatasi ya chupa za asali mjini. Mwaka uliofuata walitaka kubadilisha neno moja tu, kutoka gramu 500 kuwa gramu 250. Aliyewachorea alikuwa ameshahama, na wao walibaki na karatasi zilizochapwa tu. Walilipa kazi yote upya, kiasi ambacho kingetosha kununua mizinga miwili.

Kwa hiyo hata kama anayechora ni mtoto wa mwenyekiti, pataneni kwa maandishi. Andikeni bei, siku ya kumaliza, na mara ngapi kikundi kinaweza kuomba marekebisho bila kulipa zaidi. Mimi napendekeza mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda michoro, na ni vizuri patano liseme wazi nani atamiliki kazi na kama mchoraji anaruhusiwa kuitumia tena. Tena mlipeni. "Ni kijana wetu" si sababu ya kumlipa soda na mandazi.

Mwisho wa kazi kikundi kipokee vitu viwili: faili la kuchapa, la PDF au PNG, na faili la asili lenye matabaka, ambalo kwa Krita jina lake huishia na kra na kwa Inkscape huishia na svg. Nakala moja ikae na mchoraji, nyingine kwenye flashi ya katibu, ndani ya lile sanduku la kumbukumbu za mikutano. Ncha ya kalamu huisha kama kisigino cha kiatu; za akiba huja ndani ya sanduku la kibao pamoja na kipete cha kung'olea ile iliyochakaa, na hizo nazo zikabidhiwe katibu azihesabu.