Kabla hujampandisha mwanao mashua ya kuvua, uliza haya

LIKIZO ya Desemba huangukia wakati mzuri kwa wavuvi wa Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni. Kusi imekwisha na kaskazi inaanza kuvuma. Ndiyo majira ambayo sulisuli hukaribia ufuo wa Malindi, na mashua za kukodi huwa na wateja wengi. Miongoni mwao ni familia kutoka bara ambazo zimechoka na bwawa la hoteli na zinataka watoto waone samaki mkubwa akitolewa kilindini.

Ni matembezi mazuri, lakini si ya bei rahisi wala ya kukurupukia. Mkishavuka mwamba hakuna duka, hakuna zahanati, na hakuna pa kumshusha mtoto akisema amechoka. Mambo mengi yatakayoifanya siku hiyo iwe njema au mbaya huamuliwa mkiwa bado nchi kavu.

Anzeni na safari fupi

Mashua hukodishwa kwa nusu siku, yaani saa nne au tano hivi, au kwa siku nzima, ambayo hufika saa nane hadi kumi. Kwa familia inayoenda mara ya kwanza, nusu siku inatosha. Ondokeni alfajiri, kwa kuwa upepo mara nyingi huongezeka jua linapopanda.

Kama mtoto hajafika umri wa kwenda shule, usimpeleke nje ya mwamba. Hawezi kukaa mahali pamoja kwa muda huo wote, na wewe hutavua chochote kwa kumkimbiza. Mkodie mashua ndogo ndani ya mkono wa bahari wa Kilifi au Mtwapa, ambako maji ni matulivu, ajifunze kushika mshipi na kusubiri. Safari hiyo pia itakuonyesha kama tumbo lake linastahimili chombo.

Mnaopanga likizo ya Aprili au Agosti, jueni kuwa hiyo ni kusi. Bahari huchafuka, na kati ya Mei na Julai wenye mashua wengi huzipandisha ufuoni kuzikarabati. Akitokea mtu akakwambia yeye huenda kilindini mwaka mzima bila shida, tafuta mwingine.

Maswali ya kumwuliza mwenye chombo

Usilipe arubuni kabla ya kupata majibu, na ikiwezekana nenda ukakione chombo chenyewe siku moja kabla.

Chombo kina cheti cha ukaguzi kutoka Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya (KMA), na nahodha ana leseni? Omba uonyeshwe. Mwenye karatasi halali hakasiriki.

Kinaruhusiwa kubeba watu wangapi? Hesabu mabaharia na watoto pia. Mtoto mchanga ni abiria.

Kuna redio ya mawasiliano? Simu ya mkononi hupoteza mtandao mkishaenda mbali.

Kuna kivuli na choo? Mashua nyingine hazina choo, na ni vyema mama na binti wajue hilo mapema.

Bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu? Inajumuisha mafuta, chambo, vifaa, maji ya kunywa na leseni ya uvuvi?

Hali ya hewa ikiharibika, pesa zinarudishwa au siku inahamishwa? Mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Jaketi lazima limkae mtoto

Swali hili tumelitenga kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Chombo kinaweza kuwa na majaketi ya kuokoa maisha kumi, na yote yakawa ya watu wazima. Mtoto aliyevishwa jaketi la baba yake akianguka majini, jaketi hupanda juu na yeye huteleza chini.

Mvalishe mwanao, funga vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likipita kidevu au likigusa masikio, ni kubwa mno. Kwa mtoto mdogo, tafuta lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Mwenye chombo akikosa la saizi yake, nunueni au kodini lenu mjini. Mkikosa kabisa, mtoto huyo abaki ufuoni na mzazi mmoja.

Jaketi huvaliwa kabla ya kupanda na huvuliwa baada ya kushuka. Mtoto atalalamika kuhusu joto. Akikuona wewe umelivaa, hatalalamika sana.

Kulevywa na bahari

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Usiku wa kuamkia safari wale chakula chepesi na walale mapema. Asubuhi wape mkate mkavu au viazi vitamu, si mahamri yenye mafuta. Tumbo tupu halisaidii.

Dawa za kuzuia kutapika hufanya kazi zikimezwa kabla ya safari, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja. Mwulize mfamasia kipimo cha mtoto kwa kumtajia umri na uzito wake, na usimgawie nusu ya kidonge chako kwa kukisia. Promethazine haipewi mtoto wa chini ya miaka 2. Mjaribishe dawa hiyo siku nyingine mkiwa nyumbani, kwani huleta usingizi kwa wengine.

Mkiwa baharini, mtoto akianza kunyamaza na kupauka, mkalishe katikati au nyuma ya chombo penye hewa, mbali na moshi wa injini. Mwambie atazame ufuo au upeo wa bahari. Mnyang'anye simu, kwa maana kutazama katuni huku chombo kikiyumba humletea kutapika haraka. Mpe maji kidogo kidogo.

Jua nalo ni adui. Mwanga hurudi kutoka kwenye maji, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Shati la mikono mirefu, losheni ya kukinga jua inayopakwa upya kila baada ya saa mbili, na maji ya kutosha kila mmoja. Bebeni nguo kavu na leso mbili tatu. Leso ni kivuli, ni taulo na ni blanketi la anayesinzia.

Mtakachokikuta huko

Waandaeni watoto kwa kusubiri. Sehemu kubwa ya safari ni chombo kwenda taratibu kikikokota chambo, bila lolote kutokea. Kisha mshipi unalia ghafla, kila mtu anasimama, na hapo ndipo ajali hutokea. Kubalianeni mapema: mshipi ukilia, mtoto anakaa mahali pake hadi nahodha amwite. Asiguse ndoana, asizungushie mshipi mkononi, na asiguse samaki yeyote bila kuuliza. Bunju akijivimbisha huchekesha, lakini ana sumu kali.

Samaki anayeletwa anaweza kuwa jodari, nguru, felusi au kolekole. Akiwa sulisuli au nduaro, huenda mabaharia wakamwekea alama na kumwachilia. Shirika la African Billfish Foundation lililoko Watamu huzitumia alama hizo kufuatilia safari za samaki hao. Mwelezeni mtoto mapema ili asilie akidhani samaki wake ametupwa.

Kuhusu waliobaki, ulizeni kabla ya kuondoka. Katika mashua nyingi samaki ni mali ya chombo, nanyi hupewa kiasi cha kitoweo. Ugomvi mwingi wa ufuoni huanzia hapo. Kumbukeni pia kuwa ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuruhusiwi kuvua. Nahodha akijitolea kuwavulisha humo, mkatalieni.

Siku ya kusema hapana

Jioni kabla ya safari, sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Mwachieni jamaa aliye nchi kavu jina la chombo, nambari ya nahodha na saa ya kurudi.

Nahodha akisema leo haiendeki, msimsihi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na baba aliyelipa pesa nyingi ni nahodha wa hatari kuliko wote. Lakini kinyume chake pia ni kweli. Nahodha anaweza kutaka kwenda kwa sababu anahitaji kibarua cha siku hiyo, nawe ukaona mawimbi yanavunjika mlangoni, au majaketi hayatoshi, au watu wamezidi. Una haki ya kuwashusha watoto wako hata kama injini imewashwa na wenzako wananung'unika.

Arubuni ikipotea, imepotea. Mchana huo mnaweza kwenda kununua nguru pale wavuvi wanapopandisha samaki, mkamwomba mmoja wao awaonyeshe watoto jinsi chambo kinavyofungwa.