Shaba Inapita Tunduma, Faida Inapita Kwingine

Simama kando ya barabara pale Tunduma, mpakani, asubuhi, utayaona malori ya shaba yakiingia kutoka Zambia. Mzigo wenyewe hauvutii macho: mabamba mekundu ya mraba, kila upande kama mita moja, yamefungwa kwa mikanda ya chuma na kupangwa mafungu mafungu kwenye tela refu. Ukitazama utadhani tela halijajaa, ila kwenye mizani ni tani 30 hivi. Dereva na tingo wake wanaelekea bandari ya Dar es Salaam, ambako shaba itapakiwa melini, mara nyingi kwenda Asia.

Sasa fungua takwimu za biashara za Zambia. Kwa miaka mingi, mnunuzi mkubwa wa shaba hiyo ameandikwa kuwa Uswisi, nchi isiyo na bahari wala viwanda vya kuitumia shaba yote hiyo. Mabamba hayafiki huko. Inayofika ni ankara.

Mwaka 2017, wakati wa sakata la makinikia, yaani mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, Watanzania tulibishana sana kuhusu kilichomo ndani ya makontena. Ankara hatukuijadili vya kutosha, na kwa maoni yangu humo ndimo fedha nyingi zinamopotelea.

Kampuni ya kimataifa ni kama ukoo. Kuna kampuni mama, kuna tanzu inayochimba mgodi, na kuna tanzu nyingine yenye ofisi ya kuuza madini ng'ambo. Mgodi unapoiuzia ofisi ile shaba, fedha hazijatoka nje ya ukoo, lakini bei waliyopangiana ndiyo inayoamua faida ionekane wapi. Bei ikishushwa, mgodi unaonekana unachechemea na ofisi ya ng'ambo, kwenye kodi nafuu, inanenepa.

Kanuni inayotawala karibu dunia nzima inasema ndugu hao wauziane kana kwamba ni watu baki. Chimbuko lake ni Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1923 wachumi wanne, Bruins wa Uholanzi, Einaudi wa Italia, Seligman wa Marekani na Stamp wa Uingereza, waliliandikia Shirikisho ripoti kuhusu nchi ipi itoze kodi ipi. Kufikia 1933 rasimu ya mkataba ilikwishataka kila tawi lihesabiwe kama kampuni inayojitegemea. Tanganyika ilikuwamo kwenye majalada ya Shirikisho hilohilo, ila kama nchi iliyokabidhiwa kwa Uingereza. Hakuna aliyetuuliza lolote.

Ugumu wa kanuni hii anaujua afisa wa kodi. Inabidi athibitishe mtu baki angelipa bei gani. Kwa shaba ana nafuu, maana bei yake hutangazwa kila siku kwenye soko la madini la London. Lakini haki ya kutumia nembo ina bei gani? Ushauri wa menejimenti je? Mkopo kutoka kwa kampuni mama? Huko hakuna soko la kuulizia.

Na hata kwa shaba, tazama yaliyoipata Zambia. Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo ilidai kuwa Mopani, kampuni ya migodi ya Kitwe na Mufulira, iliiuzia tanzu ya Glencore, kampuni mama yake wakati ule, shaba kwa bei ya chini kuliko ilivyowauzia wateja wengine. Mahakama ya Juu iliipa Mamlaka ushindi Mei 2020, na kodi iliyogombaniwa ilikuwa kama dola milioni 13. Mauzo yenyewe yalikuwa ya kati ya 2006 na 2009. Watoto waliozaliwa wakati ule walikuwa wamemaliza shule ya msingi au wanakaribia.

Ukubwa wa tatizo umepimwa vizuri na wachumi Thomas Tørsløv, Ludvig Wier na Gabriel Zucman. Njia yao ni rahisi kueleweka: walilinganisha faida na mishahara. Katika nchi nyingi, kampuni hutangaza faida ya senti 30 au 40 kwa kila dola 1 ya mshahara. Kampuni za kigeni zilizoko Ireland zilitangaza karibu dola 8. Hakuna mfanyakazi hodari kiasi hicho. Faida ile ilizaliwa kwingine. Hesabu yao ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya faida ambayo kampuni za kimataifa zilipata nje ya nchi zao ilihamishiwa kwenye maficho ya kodi.

Pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Serikali za Afrika hutegemea kodi ya makampuni kuliko nchi tajiri, na ikivuja, jicho linageukia kisichoweza kuhama. Mwaka 2024 muswada wa fedha wa Kenya ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Pendekezo hilo liliondolewa, na baada ya maandamano na vifo muswada wote ukafutwa. Mama anayenunua nusu mkate dukani hana tanzu ya kuuzia.

Makubaliano ya 2021 chini ya OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, yaliyoweka asilimia 15 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kodi kwa kampuni zenye mauzo ya kuanzia euro milioni 750, ni hatua. Kenya na Nigeria zilikataa kuyaunga mkono wakati ule, na Januari 2025 Rais Trump alitangaza kuwa hayaifungi Marekani. Hata yangetekelezwa yote, kanuni ya mtu baki ingebaki palepale.

Dawa ninayoiamini inatumika ndani ya Marekani kwenyewe. Majimbo yake mengi hayaulizi tawi la Texas limeliuzia la California kwa bei gani. Huchukua faida ya kampuni nzima, kisha huigawa kwa vipimo kama mauzo, mishahara na mali. Tuseme ukoo wa kampuni umepata dola milioni 100, nusu ya wafanyakazi na mitambo ikiwa Zambia, na kipimo ni hivyo viwili tu. Zambia itatoza kodi kwenye milioni 50, ankara iseme itakavyo. Kipimo kikiwa mauzo peke yake, nchi za wachimbaji zitapunjika, kwa hiyo uchaguzi wa vipimo si jambo la kuwaachia wengine.

Uchaguzi huo sasa una meza. Novemba 2023, kwa hoja ya kundi la Afrika, nchi 125 zilipiga kura Umoja wa Mataifa uandae mkataba wa kodi. 48, nyingi zikiwa tajiri, zilipinga. Marekani ilijitoa kwenye mazungumzo Februari 2025. Waliobaki walikutana Nairobi Novemba mwaka huo, na rasimu inatarajiwa 2027. Ikitoka, nitaanza kusoma kifungu cha mgawanyo wa haki ya kutoza kodi, nione kama mgodi na ofisi ya ukoo wake ng'ambo bado wanaitwa watu baki.