Jenerali Lundula: mukubwa wa jeshi aliyetoka muji wa mine

Siku alipotajwa kuwa mukubwa wa jeshi lote la Kongo, Victor Lundula hakuwa Léopoldville. Alikuwa burugumesta kule Jadotville, muji tunaoita leo Likasi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Mutetela wa Sankuru, askari wa zamani wa Force Publique: njo mutu huyo Lumumba alimuchagua mwezi wa saba 1960, akamupandisha mara moja kuwa jenerali.

Haraka ile ilikuwa ya nini? Basoda walikuwa wamegomea wakubwa wao wazungu. Jeshi lilikuwa na watu karibu 25.000, na hata Mukongomani mumoja hakuwa ofisiye. Uhuru ulikuwa na siku chache tu, na Jenerali Janssens akawaandikia ku ubao kwamba kisha uhuru ni sawa na mbele ya uhuru. Sisi watu wa sendika tunajua maneno ya namna ile yanawasha nini. Ni kweli, basoda wa Force Publique njo walipiga risasi wagomaji wa Union Minière ku Élisabethville mwezi wa kumi na mbili 1941. Mwaka 1960 zamu ya kugoma ikawa yao.

Lundula alikuwa mbali, na tarehe 11 mwezi wa saba Tshombe akatenga Katanga. Mobutu, aliyepewa ukolonele na kazi ya kumusaidia, alikuwa palepale Léopoldville. Akazunguka makambi, akajulikana kwa basoda. Mwezi wa kenda, pesa za ONU za kulipa jeshi zikapitia mikononi mwake. Hapa Kabimba, mutu wa karieri hahitaji kuelezwa: kuna mwenye cheo ku karatasi, na kuna mwenye kushika liste ya mushahara. Kasa-Vubu alipomufukuza Lumumba, Lundula naye akapokonywa jeshi, na tarehe 14 Mobutu akakamata utawala.

Lundula akatoroka mpaka Stanleyville, akaongoza jeshi la upande wa Gizenga. Lumumba naye alijaribu kufika kule. Akakamatwa njiani, akauawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mwezi uleule basoda wa Stanleyville wakaingia Manono, muji wa kasiterite, hapa jirani. Kalemie yetu ilikuwa ingali inaitwa Albertville.

Kisha serikali ya Adoula kuundwa, mwezi wa nane 1961, Lundula akarudi upande wa Léopoldville. Mwezi wa kwanza 1962 basoda wake wakapigana na jandarme wa Gizenga mu Stanleyville, wakawashinda, na Gizenga akakamatwa. Kuna wanaomuita musaliti juu ya siku ile. Mimi nasita: inchi ilikuwa na majeshi mengi, na raia njo walikuwa wanalipa.

Yule musaidizi wake wa 1960 alikamata inchi yote tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965.